Samaki wa Jiwe Aliyesafiri hadi Tabaka

Wenzangu wa Itumbe, mliniuliza nilikuwa wapi siku zile majani ya chai yakikomaa bila mchumaji, nami nikawajibu nusunusu. Sasa nawaandikia yote. Shule niliiachia darasa la nane, kwa hiyo pale nitakapokosea mnivumilie, lakini sitaongeza kitu.

Niliondoka kwa sababu ya simu ya mama. Alisema kaka yangu Ombati ataing'oa chai Jumapili. Chai ile ya Magwagwa ni ya mama. Aliipanda mimi nikiwa mgongoni mwake, na ndiyo imemlisha tangu baba atutoke. Nikamuuliza inang'olewa kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ya samaki," akakata simu. Sikukaa tena. Nilifunga mlango, nikarudi kuufungua, sikumbuki nilikuwa nimesahau nini.

Magwagwa, Jumatano jioni. Ombati aliweka jiwe mezani kabla hata sijanywa maji. Lilikuwa jiwe bapa, la kahawia, upana wa kiganja changu na nusu, na juu yake samaki amelala ubavu. Jicho lilikuwapo, mapezi yalikuwapo. Ubavuni kulikuwa na mistari mitatu ya mshazari ambayo Ombati aliniambia ni mbavu. Nikaona ni mbavu.

Alikuwa ameletewa na dalali mmoja wa mjini, jina lake Maranga. Maranga alisema limetoka kwenye shimo lililochimbwa chini kidogo ya chai yetu. Eti zamani za kale ziwa lilifika mpaka huku, samaki wakafa kwenye tope, tope likawa jiwe na wao wakawa jiwe, kile ambacho walimu hukiita kisukuku. Wageni wanavitafuta. Kilichobaki ni Ombati kutia sahihi ili Maranga achukue shamba kwa mkataba, chai ing'olewe, wachimbe.

Nataka kumtendea haki kaka yangu. Ombati si mjinga, wala hana tamaa kuliko watu wengine. Magoti ya mama hayapandi tena ule mteremko, na anayechuma sasa ni yeye na mkewe peke yao. Mtu aliyechoka akiambiwa mali imelala chini ya miguu yake, atainama tu.

Mama alilichukua jiwe, akalisogeza dirishani. Mnajua sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba. Akasema, "Magamba ni machache, huku mkiani tu. Lakini yapo. Huyu analika." Tukacheka wote, hata Ombati. Kisha nikasema tuulize watu kwanza, na kicheko kikaisha.

"Kwamboka, wewe uliolewa Itumbe," Ombati akasema. Hakusema kwa hasira. "Shamba hili utalisemea nini?"

Ndivyo ilivyo kwetu. Binti akishaolewa, shamba la baba yake analipita kama mgeni. Sikubishana. Nilimwomba tu nilipeleke jiwe Tabaka, kwa watu wanaochonga mawe tangu babu zao, na wao wakisema ni samaki wa kweli, mimi mwenyewe nitashika jembe. Alikubali kwa masharti: nirudi Ijumaa kabla jua halijatua, maana Sabato ikiingia mama hataki habari za biashara nyumbani, na jiwe lirudi bila mkwaruzo. Maranga atalitaka.

Alhamisi alfajiri. Nilipata nafasi kwenye lori la ndizi linalokwenda Keumbu. Jiwe nililifunga kwa leso na kulipakata. Nilifungua, nikaangalia, nikafunga. Baada ya kona mbili nikafungua tena. Dereva alivumilia mpaka Keroka.

"Mama, hicho unachobeba ni jiwe ama ni mtoto? Mbona unalichungulia kama linapumua?"

Nikamwambia ni jiwe. Akasema basi nilale, mawe hayatoroki. Sikulala. Nilikuwa nawaza, je, kama ni la kweli? Nani aliniambia ni la uongo? Hakuna. Labda sitaki tu chai ya mama ing'olewe, na mtu asiyetaka jambo huliona lina kasoro. Wazo hilo lilinisumbua kuliko barabara.

Keumbu ndizi zilishushwa, mimi nikaendelea na gari jingine hadi Kisii mjini, kisha Tabaka.

Tabaka, mchana. Mtu ambaye hajafika huko ajue kwamba majani ya migomba yana vumbi jeupe kama yamepakwa unga. Vumbi ni la mawe. Wanaume wanachonga, wanawake wamekaa na mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa. Nilisimama kwenye boma la kwanza lenye watu wengi, nikapokewa na mama mmoja aitwaye Moraa, mikono imelowa mpaka viwiko. Mumewe, Nyakundi, alikuwa kwenye kigoda akichonga twiga.

Nililifungua jiwe. Nyakundi aliacha patasi, akaligeuza mara moja tu. Akasema ni jiwe la kwao, jiwe laini, ukucha unaingia. Nikamuuliza kama amelichonga yeye. Niliuliza vibaya, nakiri, kama askari. Moraa akaacha kusugua.

"Mama, hapa tunachonga samaki kila siku," Nyakundi akasema. "Nikisema si langu utaniamini? Nikisema ni langu, nimekosa nini? Mimi nauza samaki wa jiwe. Sijamwambia mtu aliwahi kuogelea."

Niliomba msamaha. Moraa akaleta uji, mambo yakapoa. Nyakundi alisema mteja wa upande wa ziwani aliwahi kumwonyesha samaki wa kweli aliyegeuka jiwe, na kwamba yule mifupa yake ilikuwa na rangi tofauti na jiwe lililomshika. Huyu wangu ni rangi moja, mwili na jiwe, na hiyo rangi yenyewe haamini kama inafika ndani. Alitaka kukata pembe kwa msumeno tuone. Nikakataa. Nilimkumbuka Ombati na sharti lake. Mwishowe Moraa alisugua upande wa chini kwa kitambaa kibichi, mahali padogo kama punje ya mahindi, na kahawia ikahamia kwenye kitambaa. Akakinusa, akanipa nami ninuse. Moshi, na kama majani ya chai yaliyochemka sana.

"Limepikwa hili," akasema.

Nililala kwao nikiwa nimeridhika, nikaamka nikiwa sijaridhika. Ombati atasema jiwe lililotoka chini ya shamba la chai linukie nini, maua? Ataniambia udongo hupaka rangi kila kitu. Nyakundi naye hakuapa. Alisema, "Mimi nadhani." Siwezi kumwambia kaka yangu kwamba amedhani.

Ijumaa, saa za mchana, Keumbu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Niliingia kwenye hoteli ndogo kando ya soko nikaagiza ugali na ngege. Jiwe liko kwenye kiti pembeni, leso imefunguka. Samaki akaja kwenye sahani, na mimi nikanyoosha mkono nianzie pale ninapoanzia siku zote, kwenye mkato wa kwanza ubavuni.

Mkono ukabaki hapo.

Mikato mitatu, ya mshazari. Ile anayoichanja muuzaji ili chumvi na mafuta viingie. Chini ya tumbo, mstari mrefu wa kutolea matumbo. Mwili mzima umeparuliwa, isipokuwa magamba machache karibu na mkia, pale kisu cha mtu mwenye haraka hakifiki. Nikalivuta jiwe likae kando ya sahani. Mstari wa tumbo ulikuwapo. Mikato ilikuwapo, mitatu. Magamba ya mama yalikuwapo.

Nimechanja samaki tangu niolewe. Nimelipakata jiwe lile siku mbili na nikaziita zile mbavu, kwa sababu niliambiwa ni mbavu. Na nani angeshtuka? Kwetu huku milimani, samaki tunamjua akiwa sokoni tayari. Aliyelichonga jiwe alimjua hivyo hivyo.

Sikumaliza chakula. Nilinunua ngege mwingine mbichi, aliyeparuliwa na kuchanjwa, nikatafuta gari nikihangaika na jua.

Magwagwa. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Mama alikuwa akifagia kwa ajili ya Sabato. Sikutoa hotuba. Niliweka jiwe mezani, na samaki kando yake, vichwa upande mmoja. Ombati alipitisha kidole kwenye mikato ya jiwe, kisha kwenye mikato ya nyama. Mkewe aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia.

Mama ndiye aliyesema. "Kumbe marehemu alikuwa anangoja mafuta."

Ombati hakucheka. Alikaa. Nilimwambia sijui aliyelichonga ni nani, na kwamba Maranga naye huenda aliuziwa akaamini, kwa hiyo asimguse. Akasema hatamgusa. Atamuuliza swali moja tu.

Jumapili asubuhi Maranga alikuja na watu wawili na majembe. Ombati alimkabidhi jiwe lake, halina mkwaruzo ila ile punje ya Moraa, ambayo mimi nilimwonyesha Maranga. Kisha Ombati akamuuliza, kwa heshima, "Bwana, huyu samaki aliyekufa zamani za kale, alichanjwa na nani?"

Maranga aliliangalia jiwe. Kama alikuwa anaijua siri au alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza, sikuweza kusoma usoni mwake, na sitasema nilisoma. Alisema ataulizia. Walishuka na majembe yao.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu cha uongo kilikuwa kimefanana na maisha yangu mwenyewe, ndiyo maana sikukiona. Magoti ya mama bado yanauma, na mteremko bado ni ule ule. Hilo, jiwe halikulitatua, wala safari yangu haikulitatua. Lakini siku ile Ombati alichukua kikapu, akasimama mlangoni akaniangalia.

"Wewe wa Itumbe," akasema, "si unajua kuchuma?"

Nikafunga leso kiunoni, tukashuka.