Jina Lisianguke Chini

Siku ya kwanza ya kazi yangu, Président wa chama chetu, Baba Ilunga, fundi wa reli, alinitia daftari mkononi. "Weye unasoma kwa ba-Père ba misioni, utakuwa karani. Soma majina." Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilisoma kwa sauti ya chini mpaka Baba Mukalay, mtu wa tanuru ya shaba, akauliza, "Huyu mutoto anasoma ao anapumua?"

Leo nina kumi na minane na ninaacha kazi. Wewe utakayeshika daftari nyuma yangu, ninakuandikia namna ilivyokuwa.

Sisi ni watu wa Lukafu tunaokaa Élisabethville. Kila dimanche, kisha misa, karani anaita majina yote, hata ya wale waliovuka mpaka kuchimba shaba kwa Waingereza. Aliye mbali, munungwe wake anamwitikia kana kwamba yupo: "Iko." Munungwe ni mtani wako wa ukoo mwingine, yule anayekutukana bila kosa na ambaye siku moja atachimba kaburi lako. Jina lisiloitikiwa linaanguka chini, na mwenyewe anaugua huko aliko. Ndivyo wakubwa wanavyosema.

Huko Ndola, upande wa Waingereza, kuna chama rafiki. Wabeleji na Waingereza wanaandikiana juu ya mpaka; sisi tunaandikiana juu ya watu: nani mgonjwa, nani amezaa, nani hajulikani alipo. Barua nilizipeleka gare, kwenye treni, mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda, maana barua haikuangalii usoni.

Kasongo, mmoja wetu, alikuwa Ndola, na Mukalay, munungwe wake, alimwitikia. Dimanche ambazo Mukalay alikuwa kwenye tanuru, hakuna aliyeitika, na kimya kile kilinitia haya mimi niliyesimama na daftari. Basi nikawa ninaitika mwenyewe, polepole, kichwa chini. Sikumwambia mtu.

Kisha Ndola wakaandika: Kasongo amekufa. Mke wake, Mama Ngoie, akavaa nguo za kilio. Jina la mfu linapigwa mstari wa wino mwekundu siku ile ile barua inapofika. Wino ulikuwa umekwisha, na niliona haya kuomba mwingine. Nikasema nitaliruka kwa akili yangu tu. Dimanche nyingi nililiruka. Dimanche ya kumwosha Mama Ngoie maji ya kumaliza kilio, yanayomwacha mjane huru, ulimi wangu ukalisoma.

"Kasongo."

"Iko."

Sauti ya mwanaume, na kikohozi kidogo nyuma yake. Mukalay alikuwa mbele yetu sote, beseni la maji mikononi, mdomo wazi.

"Haiko miye," alisema. "Miye na Kasongo tunachekana, lakini haiko namna hii."

Kaka yake Kasongo akamnyang'anya beseni, akamwaga maji chini. "Kama iko, basi bibi ni wake. Atarudia Lukafu, atamungojea kwetu."

Mama Ngoie alikuwa na cherehani yake hapa mjini, na watoto wawili shuleni. Hakulia. Aliniangalia mimi.

"Karani," Président akasema, "andikia Ndola."

Jibu lilichukua wiki tatu. Nililisoma mbele ya wote:

"Tulimuzika kwa mikono yetu. Na hapa kwetu pia anaitika. Tulizani ni ninyi, wa huko. Tukapata muntu mumoja, akakubali mbele ya bantu ile sauti ni yake, na ikanyamaza. Na ninyi mufanye vile."

Président akauliza nani wetu atakubali sauti ni yake.

Hapa niseme kweli: sijui kama sauti ile ilikuwa yangu. Ninavyokumbuka, ile dimanche midomo yangu haikutikisika. Lakini koo langu lilikuwa limekwisha kuzoea kumwitikia. Nikasimama.

"Ni miye."

"Sema tusikie," kaka wa Kasongo akasema.

"Ni miye. Tangu zamani. Mukalay akiwa ku kazi, ni miye."

Mukalay akacheka wa kwanza. "Weye? Hata kuku haikimbie ukiifukuza." Watu wakacheka, hata yule kaka, na maji yakachotwa upya. Mama Ngoie akaoshwa, akavua nguo nyeusi. Alipopita karibu nami akasema chini chini, "Aksanti, mutoto. Lakini sauti ya bwana yangu naijua."

Tangu siku ile hatukuisikia tena kwa jina la Kasongo. Wewe, wino ukikwisha, omba. Usione haya kama mimi.

Sasa ninakwenda mbali kusomea ualimu. Dimanche iliyopita Président aliniweka kwenye majina ya walio mbali, ili nisikie kabla sijaondoka. Sina munungwe hapa mjini, basi Mama Ngoie aliahidi kuniitikia. Nilisimama mlangoni. Président akasoma jina langu.

"Iko." Sauti ya mwanaume, na kikohozi kile kidogo nyuma yake.

Mama Ngoie alikuwa bado hajafungua kinywa. Aliniangalia kule mlangoni, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akasimama.

"Ni miye," akasema kwa nguvu, kila mtu asikie.