Mwaka Samuye Ilipomtafuta Aliyeficha Sukari

Mwaka jana nilikwenda kijijini kwetu Samuye kumzika shangazi. Tulipoanua matanga nikapita kwenye ghala la pamba, nikakuta mabati yameliwa na kutu na mbuzi wamelala mlangoni. Harufu ya mbegu za pamba bado imo kwenye kuta zile. Rafiki yangu, nilisimama pale nikawa tena yule mtoto wa darasa la tatu.

Enzi zile asubuhi zetu zilianza kwa mchi wa mama na miluzi ya wachungaji. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikichemshwa na karanga hadi nyumba nzima ikanukia. Jioni, nikishateka maji, nilikimbilia kwa jirani yetu mwenye duka. Tulimwita Mwarabu, ingawa alizaliwa palepale, mama yake Msukuma, na Kisukuma chake kilikipita cha mwalimu wetu. Gari lake ndilo lililomkimbiza mama hospitali uchungu wa kunizaa ulipokuwa mgumu. Mimi na binti yake tulisukana nywele barazani, tukigombania kitana.

Kisha mvua zikakata. Pamba ikanyauka, ng'ombe wakaanza kuanguka malishoni, na madukani vitu vikapotea kimoja kimoja: sukari, sabuni, mafuta ya taa. Tulifulia majani ya mpapai. Baba, ambaye alikuwa akipalilia huku anaimba, akanyamaza. Alikaa mlangoni akilitazama shamba kama mtu aliyetukanwa asimjue aliyemtukana.

Uchaguzi wa ubunge ukafika. Wagombea wawili walihutubia siku moja mbele ya ghala, mmoja alama yake nyumba, mwingine jembe. Wa nyumba alieleza kwamba mafuta yamepanda bei duniani, malori hayana matairi, viwanda havina vipuri. Alisema kweli, na watu walipiga miayo.

Wa jembe alisimama, akatutazama kwa huruma.

"Mvua ni ya Mungu," akasema. "Lakini sukari je? Mvua haina mikono ya kuficha sukari. Mwenye mikono ni nani?"

Akainua viganja vyake, akatuonyesha.

"Mimi simtaji mtu. Ninyi ndio mnaoishi naye. Makaburi ya babu zake yako ng'ambo ya bahari. Hapa anafuata nini kama si jasho lenu?"

Nilimwona baba akiinua uso, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Alikuwa amepewa mtu wa kumchukia, na chuki ile ilimkaa tumboni kama shibe.

Nyumbani bibi, mama yake baba, alinivuta karibu na jiko. "Njaa haina macho, ng'wanone," alisema, akiniita mwanawe, maana kwake sote tulikuwa wanawe. "Humshika aliye karibu."

Kesho yake asubuhi umati ulijaa dukani, baba akiwa miongoni mwao. Mwarabu alifungua mlango mwenyewe.

"Baba Milembe, karibu," alisema, akimwita baba kwa jina langu. "Stoo unaijua. Waonyeshe wenzako."

Walikuta magunia ya mbegu za pamba na baiskeli mbovu. Sukari haikuwemo hata chembe. Nikadhani sasa wataona haya. Lakini mtu mmoja akapaza sauti: "Amehamisha! Mnaona? Angekuwa hana hatia, stoo ingekuwa tupu hivi?" Hapo ndipo walipong'oa milango. Unga wa mke wake ulimwagwa barabarani, kuku wakaja kuudonoa. Kabla ya adhuhuri familia ile ilikuwa imeondoka. Binti alikaa nyuma ya gari akiwa amejifunika khanga usoni. Sikumwona tena.

Jembe lilishinda. Sabuni haikuja. Mvua nayo haikuja, na surua ikaingia kijijini ikachukua watoto. Macho ya watu yakaanza tena kutafuta. Kisimani wanawake walinyamaza bibi alipofika. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, kama ya vikongwe wengi kwetu, nasi tulijua wekundu ule husemwa kuwa ni wa uchawi.

Siku moja baba alirudi kutoka kilabuni mchana kweupe; huko alikuwa amelisikia jina la mama yake likitajwa.

"Mama, funga vitu vyako. Nakupeleka Kharumwa kwa mjomba."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Na Mwarabu, yeye alikosa nini?"

Baba alishughulika na kamba za baiskeli.

Bibi alifia Kharumwa, mbali na jiko lake. Baada ya miaka kadhaa sukari ilirudi Samuye, kwa lori, mchana, ikashushwa palepale mbele ya ghala. Watu walipanga foleni wakicheka. Hakuna aliyeuliza ilikuwa imefichwa na nani.