Mama Mkwe Amenipigia Magoti kwa Sababu ya Tenda

Admin, jina langu lifiche kabisa. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, naishi Kisumu na mke wangu na watoto wawili. Nafanya kazi kwenye ofisi ya serikali inayotoa tenda za ujenzi, na mimi ndiye katibu wa kamati inayokagua makaratasi ya wakandarasi. Wenzangu huniita Bwana Sheria wakidhani sisikii. Nasikia, na zamani nilikuwa naona raha.

Tenda iliyopita nilimtoa fundi mmoja wa Kisian kwa kutoandika namba kwenye kurasa zake, ilhali bei yake ndiyo ilikuwa nafuu. Alinisihi pale mlangoni. Nikamwambia angesoma maagizo.

Sasa kuna tenda ya wodi ya kina mama. Bahasha zilifunguliwa mbele ya watu, na sisi wanakamati tukatia sahihi fupi kila ukurasa ili mtu asibadilishe kitu baadaye. Kampuni moja ilikuwa haijatia sahihi kwenye fomu ya bei. Hilo kosa halisameheki. Jioni nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Akauliza jina la kampuni, kisha akakaa chini.

"Hiyo ni ya mama," akasema.

Nilijua wakwe zangu hujenga, lakini jina la kampuni sikuwahi kuuliza. Mkwe mwenye adabu hachunguzi mambo ya wakwe.

Jumapili mama mkwe akaja. Tangu nioe hajawahi kuingia kwangu. Sisi Wajaluo mama mkwe tunamheshimu kwa mbali, na mimi na yeye hata mkono hatujawahi kupeana. Alikuja na fomu mpya, imetiwa sahihi.

"Baba Akinyi, mzee alianguka, mimi nikakaa na yeye hospitali, karani akapeleka hivyo hivyo. Ni karatasi moja tu. Wewe ndio uko na funguo ya hiyo chumba ya makaratasi. Tukikosa hii kazi, mzee tutamtibu na nini?"

Nikamweleza kwamba itabidi nighushi sahihi za wanakamati wenzangu. Hapo akapiga magoti. Nilishindwa hata kumwinua, maana mama mkwe utamshikaje? Mke wangu ndiye alimwinua, huku analia.

Tangu siku hiyo mke wangu analala na watoto. Jana aliniambia, "Mama yangu amepiga magoti kwa nyumba ya mkwe. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Yule wa Kisian ulimtoa, sawa, hakuwa mama yangu. Huyu ukimtoa, umenitoa na mimi."

Nikitangaza kazini kwamba ni mkwe wangu, nitaondolewa kwenye kamati, lakini tenda yake itaanguka vilevile na lawama itabaki kwangu. Nikibadilisha ile fomu, nitafungwa. Naogopa, sitaficha.

Kamati inakaa kesho asubuhi. Nyinyi mlio na wakwe, nisaidieni mawazo, nifanyeje? Naandika haya nikimsikia mke wangu chumba cha pili, anapakia nguo za watoto.