Nyayo Nne za Gari

Mama mkwe wangu alikataa kupanda gari langu, na hakuona haya kusema sababu. Gari linachechemea, alisema. Alijua kwa kuwa alikuwa amezisoma nyayo zake.

Nyumbani kwake ni Olbalbal, kule bondeni ukishateremka kutoka kwenye misitu ya kreta, ambako kiangazi vumbi linakuwa laini kama sembe. Mimi ni Mwiraqw wa Karatu, nimeoa kwake. Kila wiki ya kiangazi nilikuwa nampelekea mapipa mawili ya maji, unga na sukari kwa Prado yangu kuukuu, mali pekee niliyobaki nayo baada ya kuchoka kuzungusha watalii. Kwa desturi yao ya Kimaasai, mkwe wa kiume na mama wa mke hawazoeani. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Hata majina hatuitani: wakati wa mahari nilimpa kondoo, na tangu hapo yeye ananiita Paker nami namwita Paker, yaani watu waliopeana kondoo. Basi nikifika nilikuwa nashusha mapipa nje ya boma, nakunywa chai yangu peke yangu garini, kisha naondoka. Mimi nikishatoweka ndipo yeye hutoka kukagua mahali gari lilipopita.

Gari zima huacha mistari miwili, maana tairi za nyuma zinakanyaga palepale zilipokanyaga za mbele. Langu lilikuwa linaacha minne. "Huyo mnyama wenu miguu ya nyuma haifuati ya mbele," alimwambia mke wangu kwenye simu. "Ng'ombe akitembea hivyo hapelekwi hata malishoni. Mnataka mimi nimpande?"

Ningecheka, ila jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Macho yake yalikuwa yanakufa. Mtoto wa jicho, wingu jeupe kulia na kushoto. Kufikia wakati ule mistari alikuwa haioni tena, anaipapasa kwa vidole vya miguu. Na hospitalini Karatu walikuwa wanakuja madaktari wa macho kutoka mbali, wiki moja tu, halafu waondoke, na hakuna aliyeweza kutuambia watarudi lini. Mke wangu alimbembeleza, akalia, akanuna. Jibu likawa lilelile: hapandi mnyama kilema akafie kwenye miteremko ya kreta. Gari la mtu mwingine hakutaka hata kulisikia. Ana mkwe mwenye gari, halafu abebwe na wageni, watu wasemeje?

Nilimkasirikia sana. Miaka yote namchotea maji, mgongo umekwisha, kiuno hakina kazi, halafu gari langu linaitwa kilema. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Na ugonjwa wenyewe wa gari uliletwa na maji yake. Mapipa yalikuwa yanalilaza gari nyuma hadi tairi zinasuguana na bodi, nikafunga springi ndefu, ngumu, gari likainuka. Sasa kule nyuma chini kuna chuma kirefu kilichofungwa upande mmoja kwenye chesisi na upande wa pili kwenye ekseli, ule mhimili wa tairi za nyuma. Kazi yake ni kuizuia ekseli isihame kushoto wala kulia. Fundi wangu anakiita fimbo. Gari likiinuliwa, fimbo inakaa mshazari, inakuwa kama imefupika, na inaivuta ekseli nzima kuelekea upande wake. Dawa yake ni fimbo inayoweza kurefushwa na kufupishwa. Za dukani zipo, ila mpaka ziagizwe Dar, na zisubiriwe. Madaktari wasingesubiri.

Fundi huyo ni mtu wa Kondoa, gereji yake iko nyuma ya msikiti, na ana maneno mengi kuliko spana. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kaka," akaniambia. Akaenda kuchakura kwenye vyuma chakavu, akarudi na tairodi ya lori, lile bomba linalounganisha tairi za mbele. Alinionyesha nyuzi zake za skrubu: ncha moja inafungwa kulia, nyingine kushoto, kwa hiyo ukilizungusha bomba katikati, ncha zote mbili zinatoka pamoja, au zinaingia pamoja. Tulikata vichwa vya tairodi, na mahali pake tukachomelea masikio ya fimbo ya zamani pamoja na bushi zake za mpira. Mimi ndiye niliyekuwa nashika, na miwani ya kuchomelea ilikuwa moja, ya kwake.

"Geuka huko!" alinifokea. "Macho hayana spea."

Niligeukia ukuta. Neno lile lilinigusa pabaya.

Tuliifunga fimbo gari likiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia, tukapima, tukafurahi. Tuliposhusha jeki ekseli ikahama tena. Watu na akili zetu, tumepima gari lililo hewani! Tukaanza upya likiwa limesimama kwa miguu yake, tukapima kwa kamba kutoka tairi hadi bodi, kulia, kushoto, hadi vipimo vikalingana. Fundi akaenda kuswali. Mimi nililala pale pale juu ya tairi bovu, mikono imejaa grisi.

Kesho yake nilipakia mapipa nikashuka Olbalbal kwa maringo yote. Nilishusha maji, nikanywa chai, nikaondoka. Sikuwa nimemaliza hata kupanda kilima simu ikalia. Alikuwa mke wangu. "Mama amepapasa mahali ulipoingilia," akasema. "Bado ni minne."

Nilisimamisha gari nikapiga usukani kwa ngumi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningelitelekeza gari porini nirudi kwa miguu.

Fundi alicheka alipoelewa. "Kaka, tumepima likiwa tupu! Likibeba mapipa linashuka, fimbo inalala, inaisukuma ekseli upande wa pili." Maana yake gari langu lilikuwa na hali mbili. Nikilinyoosha kwa mzigo, litachechemea likirudi tupu. Nikilinyoosha tupu, litachechemea likibeba. Kwa hiyo kila safari kulala chini mara mbili, kulegeza nati, kuzungusha bomba, kukaza. Fundi alinichorea alama mbili za rangi kwenye bomba, nyekundu ya mzigo, nyeupe ya tupu. Nilimweleza mke wangu nikidhani atanionea huruma. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanijibu, akaendelea kukoroga ugali.

Wiki ya madaktari ilikuwa inakaribia kwisha tulipokwenda wote wawili. Nilitoka Karatu na bomba kwenye nyekundu. Tulipofika nikashusha mapipa, nikatandika gunia kwenye vumbi, nikaingia mvunguni, nikalizungusha hadi kwenye nyeupe. Vumbi lilinijaa puani na masikioni, kiuno kinaniuma. Kisha nikalizungusha gari mara moja nje ya boma, nikazima injini, nikakaa nikitazama mbele kama mtu anayesubiri hukumu.

Alitoka ameshikwa mkono na mke wangu, shuka imefunika kichwa. Akavua katambuga zake, viatu vya tairi. Nilimtazama kwa wizi kwenye kioo cha pembeni: mguu unapita polepole juu ya vumbi, unarudi, unapita tena. Alichukua muda mrefu. Kiswahili chake ni kile cha mnadani, maneno machache.

"Mbili," akasema.

Akapanda. Alikaa nyuma yangu kabisa ili tusionane, mke wangu pembeni yake. Sijawahi kuendesha kwa hofu namna ile, wala na watalii. Kila shimo nilisikia ule uchomeleaji wetu wa nyuma ya msikiti, nikawaza ukiachia hapa kwenye kona, juu ya korongo, nitamwambia nini mke wangu, kama nitakuwapo wa kumwambia. Haukuachia.

Madaktari walisema jicho la kushoto limechelewa, hakuna la kufanya. La kulia walilitengeneza. Alikaa kwetu mpaka waliporidhika nalo, na kwa kipindi hicho mimi nilikuwa nakula jikoni na kutokea mlango wa nyuma kama mwizi katika nyumba yangu. Hatukuonana. Mke wangu nilipomuuliza kama mama anaona, alisema, "Anasema anaona. Lakini unamjua, anaweza kusema hivyo ili tu arudi kwa ng'ombe wake."

Siku ya kumrudisha nilipakia mapipa, unga na sukari, nimechoka hata kuzungumza. Tulipanda kreta kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili, tukaingia tambarare. Hapo mama akamgusa binti yake begani, wakasema Kimaasai, na mke wangu akaniambia nisimame. Nilidhani anataka kujisaidia.

Alishuka peke yake. Hakushikwa mkono. Akatembea kufuata njia tuliyopita, hatua ndefu, katambuga miguuni, akasimama. Hakuvua kiatu. Aliinamisha kichwa tu, akalikinga jicho lake kwa kiganja dhidi ya jua, akatazama chini. Kisha akarudi hadi dirishani kwangu, uso ameuelekeza milimani ili asinione.

"Paker," akasema. "Nne."

Nilikuwa nimepakia mapipa nikasahau kuzungusha bomba.

Mke wangu akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilichukua spana zangu mbili na gunia, nikaingia mvunguni. Kazi ile ilikuwa ya dakika chache, lakini nilikaa huko muda mrefu, nagonga gonga chuma bila sababu, ili wasinisikie ninavyolia.