Kaburi la Mgomba

Niliondoka kwenda kutafuta mahali pa jaa jipya, kwa sababu taka za mji wa Kakamega zilikuwa zimetushinda. Kila mvua iliponyesha ziliteremka hadi mtoni, na watoto wa bondeni waliharisha. Ofisini tulilaza ramani juu ya ramani kwenye kompyuta: mito, udongo, barabara, makazi. Penye kasoro tulipaka nyekundu. Kikabaki kipande kimoja cheupe, upande wa barabara ya Mumias, nami nikakipenda kabla ya kukiona.

Asubuhi dereva wa ofisi alinipeleka. Tulipoiacha lami miwa ilituzingira, tukasimama kupisha trekta lililosheheni, kisha njia ikawa nyembamba nikashuka kutembea.

Nilipofika sikuficha furaha yangu. Udongo mzito wa mfinyanzi, maji mbali, nyumba chache. Mama mmoja mzee alikuwa akipalilia; nikamsalimu kwa lugha ya kwao, nikimwita bibi.

"Mulembe, kukhu. Shamba ni lako?"

"Mulembe. Ni langu. Na hapo ni kwa mtoto wangu, Makokha." Alionyesha tuta lililozungushiwa mawe.

Nilimweleza haja ya mji. Hakunijibu mpaka aliponiketisha kwake na kunipa obusuma, ugali wa kwao, na mboga, kwani kwake mgeni hajibiwi akiwa na njaa. Nikasema kwamba makaburi huhamishwa kwa heshima.

"Mifupa mnaweza hamisha," akasema. "Lakini Makokha alipotelea Uganda. Tulingoja mpaka tukachoka. Wazee wakasema tuzike mgomba kwa jina lake, roho yake isikuwe inazungukanga. Huo mgomba ulishaoza, mwanangu. Sasa mtahamisha nini?"

Nililirudisha tonge sahanini. Niliona haya, na zaidi ya haya, huzuni.

Jioni, tukirudi, tulipita jaa la zamani. Moshi ulikuwa palepale, na watoto walikuwa wakichota maji chini yake. Hao nao walikuwa na mama zao.

Kesho yake nilikipaka nyekundu kile kipande. Mkubwa wangu akauliza kuna nini pale.

"Kaburi."

"Si lihamishwe?"

"Hili haliwezekani, bwana." Nikamsimulia. Aliinama kukitazama kile kipande, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sijaita mahali patupu kabla ya kumuuliza anayepapalilia. Lakini siku hiyo ramani yote ilikuwa nyekundu, na nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha.