Kopo Chini ya Nguo

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, tukiwa kwenye paredi katika shule ya bweni karibu na Ndhiwa, nilipomwona Atieno akiyumba mstarini. Nilijua kwa nini. Mwanangu, nilijua kabla ya mwalimu yeyote, na nikanyamaza.

Atieno alikuwa mwenzangu wa kidato cha pili, mzaliwa wa Macalder, upande wa ziwa. Mama yake alimsagia omena kavu, wale dagaa wa ziwani, akampa unga wake kwenye kopo ili auchanganye na uji wa shule, maana uji ule ulikuwa maji matupu. Siku aliyofungua kopo bwaloni harufu ilitapakaa, nami nikapaza sauti: "Nyar Omena!" Yaani, binti wa omena. Bwalo zima likacheka na jina likamganda.

Nisikufiche. Mimi mwenyewe nilizaliwa Muhuru Bay, na mama yangu alikuwa akianika omena ufuoni. Shuleni nilidanganya kwamba kwetu ni Migori mjini. Tena ndani ya sanduku langu, chini ya nguo, nilikuwa na kopo kama lile lile. Bweni likiwa tupu nilibwia unga vijiko viwili vitatu, nikasukutua mdomo, kisha nikaenda kumcheka mwenzangu. Hadi leo nikikumbuka najichukia.

Atieno aliacha uji. Akaacha hata maharagwe na mboga, akashinda kwa mandazi na chai ya rangi kama sisi tuliojifanya wa mjini. Muhula mzima alikula hivyo, mpaka asubuhi ile ya paredi akaanguka.

Nilikuwa miongoni mwa waliombeba hadi kwa nesi wa shule, mama mtu mzima asiye na mchezo. Alivuta ngozi ya chini ya jicho la Atieno. Ndani palikuwa peupe.

"Yawa! Huyu mtoto hana damu, na malaria imempata hivyo hivyo. Unakulanga nini?"

"Chai na mandazi."

"Na ile unga mama yako alinionyesha akikuleta?"

"Nilimwaga kwa choo. Wananiita Nyar Omena."

"Nani anakuita hivyo?"

Atieno alinitazama, lakini hakunitaja. Nesi akayafuata macho yake mpaka kwangu.

"Wewe si wa Muhuru? Mama yako ndiye ananiuzianga omena. Hiyo mifupa yako imejengwa na nini, mandazi?"

Gari la shule lilimkimbiza Atieno hospitali ya Homa Bay, kichwa chake kikiwa mapajani mwa nesi. Siku ya kwanza hatukupata habari, wala ya pili. Ya tatu tukasikia anaongezewa damu na bado hali ni mbaya. Kila gari lililosimama langoni lilinikata maini. Nilianza kufikiria nitamwambia nini mama yake.

Siku ya nne nilishindwa. Nilitoa kopo langu, nikaliweka katikati ya meza bwaloni na kumimina unga kwenye uji mbele ya wote.

"Nyar Omena ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

Atieno alirudi baada ya wiki tatu, shingo imekuwa nyembamba. Aliketi mbele yangu, akavuta kopo langu na kuchota bila kuomba. Nililia pale pale, uji ukapoa.

Mwanangu uliye shuleni, kula. Kula omena, sukuma, maharagwe na mapapai ya kwenu, wala soda na mandazi visikuhadae kwamba umeshiba. Chakula cha nyumbani kikinuka, acha kinuke. Na uchunge mdomo wako mezani, kwa sababu mimi kwa neno moja tu nilimnyang'anya mwenzangu chakula, na nusura nimnyang'anye uhai.

Mungu akupe damu nzito na mifupa migumu. Aibariki sahani yako, na sahani ya aliyeketi kando yako.