Nesi Alimuuliza Binti, Nikajibu Mimi

Miaka ile dhahabu ilipoleta watu Genkuru, niliwapikia wachimbaji kwenye banda la mabati. Nilisifika kwa samaki watamu na wali ulioungua.

Siku moja nilibandika maharage, nikaenda kuomba chumvi kwa jirani. Kwa jirani nikasikia kuna msiba Nyarero, nikapanda bodaboda. Wimbo wa maombolezo ulipofika katikati, nikapiga kelele: "Maharage yangu!"

Bibi aliyekaa kando yangu akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Marehemu aliyapenda sana?"

Mama mkwe alisema nimerogwa. Binti yangu wa sekondari alipoanza kusahau viatu mtoni na kutoka darasani somo likiendelea, mama mkwe akasema sasa tumerogwa wote wawili. Mwalimu wake ndiye aliyesema, "Mpeleke hospitali, mama. Huyu si mvivu."

Tukaenda Tarime. Nesi alikuwa mama wa makamo aliyehamishwa kutoka Tanga, sauti yake ya upole.

"Huwa unaanza kazi kabla ya kumaliza nyingine?" alimuuliza binti.

"Kila siku!" nikajibu.

"Ukiongeleshwa, mawazo huenda kwingine?"

"Eeh, hata sasa hivi. Huyo mbuzi dirishani ni wa nani?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, mgonjwa ni nani hapa?"

Binti akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nikaanza kulia. Tangu utotoni nimeitwa kichwa maji, na hakuna aliyewahi kuniuliza maswali yale.

Baada ya kutupima sote, daktari alituambia tuna ADHD, hali ya mawazo kuhamahama na kushindwa kutulia. "Si uchawi wala malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyofanya kazi, na mara nyingi hurithiwa."

Binti alianzishiwa dawa, akahamishiwa dawati la mbele, akawa anasoma kidogo kidogo na kupumzika. Mimi nilifundishwa kushika jambo moja kwa wakati na kuomba msaada bila aibu. Nikawaomba wateja.

Lo! Kuanzia hapo nikiinuka tu, banda zima lilipaza sauti: "Mama, sufuria!"

"Jamani, naenda chooni!"

"Nenda, mama," mchimbaji mmoja akanijibu huku akishika mwiko. "Lakini usipitie msibani."